Wati 10 Kando ya Ziwa: Mhadhara juu ya Redio ya Homa Bay



Kabla sijaingia katika maudhui yangu sina budi kuwashukuru wenyeji wa mkutano huu, walionialika kusema mbele ya hadhira ambayo ndani yake nawaona wazee walionitangulia kwa umri na kwa elimu, vijana wanaofanya kazi katika vituo vya matangazo vya mji wetu huu wa Mombasa, na kina mama ambao redio imekuwa mwenzi wao wa jikoni tangu alfajiri hata usiku. Naomba radhi mapema kwa urefu wa maneno yangu, maana jambo nililolichagua, ingawa lahusu kituo kidogo ambacho umri wake haukuzidi sana miaka 2, limefungamana na mambo mengi ya dunia na ya dola yetu.

Huenda mkastaajabu kwamba mtu wa pwani, aliyekulia katika mji uliokuwa na redio yake, Sauti ya Mvita, tangu zama za ukoloni, ameiacha tarikhi ya kwao akaenda kutafuta ya Ziwa Viktoria. Sababu ni hii: mwezi wa Mei 1982, katika mji wa Homa Bay, uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, kilifunguliwa kituo cha FM ambacho wajuzi wa taaluma hii hukihesabu kuwa ndicho redio ya kwanza ya jamii katika bara la Afrika, na mwaka 1984 serikali ile ile iliyoridhia kifunguliwe ikaamuru kifungwe. Kusudi langu jioni hii ni kueleza kilivyozaliwa, kilivyofanya kazi na kwa nini hakikudumu, na hoja nitakayoitetea ni kwamba kituo kile hakikukosa mitambo, wala lugha, wala haja ya watu, kilikosa mwenyewe. Nitayapanga maneno yangu kwa hesabu, ili atakayependa kunipinga ajue mahali pa kunishika.

1. Mabishano yaliyokizaa

Katika miaka ya 1970 mataifa yaliyokuwa yametoka karibuni katika ukoloni yalianza kulalamika hadharani kwamba habari zao huandikwa na wageni, hupitia London, Paris au New York, kisha huwarudia wenyewe zikiwa zimekwisha kupimwa kwa kipimo cha watu wengine. Malalamiko hayo yalipata baraza hapa hapa kwetu, kwani Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO ulikutana Nairobi mwaka 1976, na mjadala juu ya vyombo vya habari ukawa mkali hata azimio likaahirishwa. Baadaye ikaundwa tume iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland, ikatoa taarifa yake mwaka 1980. Na mwaka huo huo, chini ya Mkurugenzi Mkuu Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegali, UNESCO ikaanzisha mpango wa kimataifa wa kuzisaidia nchi changa kujenga vyombo vyao wenyewe.

Lakini palikuwa na swali ambalo mabwana wakubwa wa mikutano hawakulipenda sana. Ikiwa ni dhuluma kwa Nairobi kusikiliza London siku zote bila ya kusikilizwa, je, si dhuluma pia kwa mvuvi wa Mbita kusikiliza Nairobi siku zote bila ya kusikilizwa? Huko Amerika ya Kusini swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa vitendo zamani. Katika Kolombia, mwaka 1947, padre mmoja, José Joaquín Salcedo, alifungua redio katika kijiji cha Sutatenza ili kuwafundisha wakulima kusoma na kuandika. Na katika Bolivia wachimba madini, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, wakaanza kujijengea vituo vyao kwa fedha walizokata katika mishahara yao. Tafadhalini muwakumbuke wachimba madini hao, maana nitawarejea.

Afrika ilikuwa na hali nyingine. Redio tuliirithi kutoka kwa watawala, na serikali mpya zikaishika kwa mikono miwili. Hapa Kenya shirika la utangazaji lilitaifishwa tarehe 1 Julai 1964 likawa Sauti ya Kenya, idara chini ya wizara. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwa kuwa nchi ilikuwa changa, watu wake wengi hawakujua kusoma, na redio ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya kuwaambia watu wa Lodwar na wa Lamu kwa saa moja kwamba sasa wao ni raia wa dola moja. Walakini, desturi iliyowekwa kwa dharura ilikaa hata ikawa sheria, na kwa muda wa miaka mingi hapakuwa na mtu, wala kikundi, wala kijiji, kilichoruhusiwa kusema hewani isipokuwa kwa kinywa cha Sauti ya Kenya. Kituo cha Homa Bay, kilichojengwa kwa msaada wa UNESCO, kilifunguliwa ndani ya hali hiyo, na jambo hilo tulishike vizuri.

2. Mtambo wake

Hapa nitakaa kidogo, maana watu husema juu ya redio kana kwamba ni sauti tupu, ilhali ni kitu cha chuma, waya na umeme, na udogo au ukubwa wake huamua mengi ya tabia yake.

Mtambo wa kurushia matangazo wa Homa Bay ulikuwa wa wati 10. Taa ya chumbani iliyotumika siku zile ilikuwa aghalabu ya wati 60, basi nguvu iliyotoka katika mlingoti wa kituo kile ilikuwa sehemu ya sita ya nguvu ya taa moja. Mafundi wa UNESCO walikusudia kuonyesha kwamba kituo kizima, yaani mtambo, vipaza sauti, vinasa sauti na vyombo vya kuchanganyia sauti, chaweza kuundwa kwa gharama isiyofika dola 25,000 za Marekani, ambazo kwa shilingi ya Kenya ya mwaka ule zilikuwa zaidi kidogo ya robo milioni. Kwa wizara iliyozoea kuagiza mitambo mikubwa kutoka ng'ambo, hesabu hiyo ilikuwa jambo jipya kabisa.

Na wati 10 zafika wapi? Mawimbi ya FM, ambayo Mmarekani Edwin Armstrong aliyapatia hataza mwaka 1933, hayafuati mgongo wa dunia kama mawimbi ya kati, wala hayadundi katika tabaka za juu za anga kama mawimbi mafupi yanayotuletea sauti za nchi za mbali usiku. Hayo huenda moja kwa moja, kama jicho lionavyo, na penye kilima husimama. Kwa hiyo mlingoti ndio roho ya kituo kidogo: mlingoti wa mita 30 juu ya ardhi tambarare huona upeo wa kilomita 22 hivi, na ukiinuliwa zaidi, huona zaidi. Mahali penye maji mapana mbele yake ni mahali pa bahati, maana juu ya maji hakuna cha kuzuia, na Homa Bay inakabili Ghuba ya Winam. Nyuma yake, kinyume chake, kuna vilima, na kimoja, Got Asego, chasimama karibu na mji wenyewe, kimechongoka juu kana kwamba kiliumbwa kwa ajili ya mafundi wa redio.

Sauti ya FM ni safi, haina mikwaruzo ya radi wala mvumo wa vituo vya mbali vinavyoingiliana usiku. Lakini ilikuwa na upungufu wake, na upungufu huo ulikuwa mikononi mwa msikilizaji. Redio nyingi zilizokuwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na mkanda wa mawimbi ya kati na mkanda wa mawimbi mafupi, basi. Wenye redio zenye FM walikuwa wachache, na kila redio ilikula mawe ya betri ambayo mtu wa kijijini aliyanunua kwa kujinyima sukari. Wazee waliopo hapa wanakumbuka namna tulivyoyatoa mawe yaliyochoka tukayaanika juani juu ya bati ili yapate uhai wa jioni moja zaidi, kwa ajili ya taarifa ya habari na salamu. Kituo kikianzishwa, basi, haitoshi kuhesabu gharama ya mlingoti. Yafaa kuhesabu pia gharama ya mawe, maana hiyo hulipwa na maskini.

3. Lugha na saa zake

Kituo kilitangaza kwa Kijaluo, kwa muda wa saa 2 hivi kila siku. Mtu aliyezoea vituo vya leo vinavyopiga kelele saa 24 atasema saa 2 ni chache. Mimi nasema zilitosha kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Nendeni asubuhi katika mwalo wowote wa ziwa lile, muone kazi ya omena, dagaa wadogo wenye kung'aa ambao wavuvi huwavua usiku kwa taa. Mashua hufika kabla jua halijapanda. Kina mama hununua kwa karai, huwabeba kichwani, huwamwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na kuwasambaza kwa viganja, samaki mmoja mmoja asimkalie mwenziwe. Jua likiwaka vizuri, omena hukauka kwa siku moja na bei yake huwa ya chakula cha binadamu. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza, au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama yule, ambaye mtaji wake wote umelala juu ya wavu, anahitaji habari gani? Anahitaji kujua kama mvua itanyesha leo katika upande wake wa ziwa, karai la omena limeuzwaje asubuhi hii katika mialo jirani, na gari la wanunuzi litapita lini. Taarifa ya habari ya Nairobi, hata isomwe kwa ufasaha wa namna gani, haiwezi kumwambia hayo, wala haipaswi, maana nchi nzima haiwezi kukaa kimya ikisikiliza bei ya karai moja.

Fauka ya hayo, nyuma ya mji ule kuna bonde la Lambwe, ambalo kwa dahari limejulikana kwa mbung'o na maradhi ya malale. Na mahali penye maradhi ya namna hiyo, tofauti kati ya agizo la daktari lililosomwa kwa lugha ya mama ya msikilizaji na lililosomwa kwa lugha ya ofisini yaweza kuwa tofauti kati ya mgonjwa kwenda hospitali mapema na kwenda akiwa amechelewa. Na kuna vifo. Kila mtu katika nchi hii anajua uzito wa tangazo la kifo katika redio, jinsi jina la marehemu linavyosomwa, likafuatwa na majina ya watoto, ya wakwe na ya ndugu walioko mbali, na jinsi nyumba nzima inavyonyamaza hata kijiko kikisimama ndani ya kikombe. Redio ya wilaya hufanya matangazo hayo kuwa ya watu wanaojuana.

Sauti ya Kenya ilikuwa tayari na matangazo kwa lugha nyingi za nchi, Kijaluo kikiwamo. Basi jipya la Homa Bay halikuwa lugha peke yake. Jipya lilikuwa kwamba anayesema na anayesikia wanywe maji ya ziwa moja, na kwamba mtangazaji akikosea jambo leo, kesho atakutana sokoni na atakayemsahihisha. Sijui udhibiti wa habari ulio bora kuliko huo.

4. Miezi iliyokizunguka

Sasa natia mguu mahali penye miiba, na naomba hadhira inistahimilie.

Kituo kilifunguliwa Mei 1982. Tarehe 9 Juni, mwaka huo huo, Bunge likaingiza katika Katiba kifungu cha 2A, na Kenya ikawa kwa sheria nchi ya chama kimoja. Tarehe 1 Agosti, alfajiri, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, na mahali walipokimbilia mapema ni redio: walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya mjini Nairobi, wakamlazimisha mtangazaji mashuhuri, marehemu Leonard Mambo Mbotela, atangaze kwamba serikali imeanguka. Kwa saa chache nchi nzima ilisikiliza dola ikifutwa na kurudishwa kwa kipaza sauti kile kile. Kuanzia siku hiyo, kila mkubwa serikalini aliyepita karibu na mlingoti wa redio aliutazama kwa jicho jingine.

Zingatieni pia mahali. Kiongozi wa askari wale alikuwa Mjaluo. Raila Odinga alitiwa kizuizini. Na mzee Jaramogi Oginga Odinga, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, akafungiwa nyumbani kwake Kisumu. Nyanza yote ilitiwa shakani, wenye hatia na wasio na hatia wakachanganywa pamoja. Katika hali hiyo kituo cha FM kinachotangaza kwa Kijaluo kando ya ziwa, hata kiwe kinasema juu ya mbegu na chanjo, kilikuwa kimekalia kiti cha hatari bila ya kosa lake.

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha. Katika mwezi wa Julai 1983 serikali ilianza kutekeleza sera ya kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, ambayo ilidai kwamba mipango isitoke tena Nairobi pekee, ianzie kwa watu wenyewe walio wilayani. Hakuna chombo ambacho kingeifaa sera hiyo kuliko redio ya wilaya, na redio ya wilaya moja ilikuwako tayari, imelipiwa, inafanya kazi. Lau viongozi wale wangeyatazama mambo haya mawili pamoja, Homa Bay ingezaa ndugu zake huko Garissa, Kitui na Kwale kabla ya mwaka 1990. Badala yake, mwaka 1984 kikafungwa. Mimi naona, na hii ni rai yangu, kwamba waliokifunga hawakufanya hesabu ya faida na hasara yake. Waliogopa, na khofu haihesabu.

5. Kukosa mwenyewe

Nimefika kwenye shina la maneno yangu. Swali linalonisumbua zaidi kuliko sababu ya kufungwa ni wepesi wa kufungwa. Amri ilitolewa, mtambo ukanyamaza, na hapakuwa na mahakama iliyoombwa kuusikiliza mgogoro, kwa kuwa hapakuwa na mdai. Nani angeshitaki? UNESCO ilikuwa mgeni, na mgeni hamshitaki mwenyeji wake. Wizara ndiyo iliyokuwa na haki ya kutangaza, na wizara haiwezi kujishitaki. Wavuvi, wakulima na kina mama wa Nyanza Kusini walikuwa wasikilizaji. Jina lao halikuwamo katika karatasi yoyote ya umiliki. Redio iliwahusu, lakini haikuwa yao.

Wakumbukeni sasa wale wachimba madini wa Bolivia. Vituo vyao vilishambuliwa na majeshi mara nyingi, mitambo ikavunjwa, watangazaji wakafungwa. Na kila mara, hali iliporuhusu, vikafufuka, kwa sababu walikuwapo watu maelfu walioweza kusema kwamba mtambo ule ulinunuliwa kwa ujira wao. Nguvu ya umeme ya vituo vile haikuwa kubwa sana. Nguvu yao ilikuwa katika hati ya umiliki, hata pale ambapo hati hiyo ilikuwa imeandikwa nyoyoni tu.

Na hapa Kenya tunao ushahidi wa karibu zaidi. Miaka 20 baada ya Homa Bay kufungwa, mwaka 2004, ilianza kusikika huko Nthongoni, katika Makueni, redio iitwayo Mang'elete. Waliokuwa nyuma yake ni vikundi vya kina mama 33, vilivyokuwa vimeungana kwanza kwa ajili ya maji, chakula na shughuli nyingine za maendeleo, na baadaye ndipo vikafikiri juu ya redio. Angalieni mpangilio huo: umoja ulitangulia, mlingoti ukafuata. Mtu akitaka kuifunga Mang'elete, hana budi kuwakabili kwanza wanawake wa ukoo baada ya ukoo, wenye vitabu vya hesabu na mihuri. Vivyo hivyo mwaka 2006 vijana wa Korogocho, Nairobi, walifungua Koch FM ndani ya kontena kuukuu la mizigo, mahali ambapo magazeti yalikuwa yakipataja kwa habari za ujambazi peke yake. Na kituo kile kikawa kinywa cha mtaa kwa sababu waliokianzisha walizaliwa mtaani na walilala mtaani.

Sisemi kwamba wenyeji hawakosei. Vituo vya jamii vina magomvi ya fitina, vina wanasiasa wanaotaka kuvinunua wakati wa uchaguzi, vina watangazaji wanaojitolea hata wanachoka wakahamia kwenye redio za biashara mara wapatapo mshahara. Naufahamu udhaifu huo vizuri. Lakini ni udhaifu wa kitu kilicho hai, chenye watu wa kukigombania, na kitu kinachogombaniwa ni vigumu kukizima usiku mmoja.

6. Kwa wenye khofu

Najua kwamba katika hadhira hii wapo watu wenye akili timamu ambao, kila wasikiapo redio ya lugha ya kabila, huikumbuka Rwanda. Redio ya RTLM ilianza mwaka 1993, na katika mwaka 1994 ilitumika kuwachochea watu kuwaua jirani zao. Hapa kwetu pia, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vituo vya lugha za makabila vilishutumiwa, na mtangazaji mmoja akafikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambako kesi yake ilikomeshwa mwaka 2016. Khofu hiyo haifai kudharauliwa.

Naomba tu itazamwe vizuri ilipo. RTLM ilikuwa redio ya wakubwa, iliyoanzishwa na watu waliokuwa karibu na kitovu cha dola, kutoka mji mkuu, kwa fedha nyingi, na ikilindwa na wenye bunduki. Mtangazaji wake aliweza kutaja jina la mtu wa kilima cha mbali ambaye hakuwahi kumwona uso. Kwa upande mwingine, katika siku zile zile ngumu za mwanzo wa 2008, Pamoja FM ya Kibera, redio ndogo ya mtaa wenye makabila yote yaliyokuwa yakipigana, ilitumia saa zake kuwasihi vijana warudi nyumbani, na watangazaji wake hawakuwa na la kufanya ila hilo, maana moto ukiwashwa Kibera ungewaunguza wao. Anayeogopa uchochezi aulize kwanza: anayesema analala wapi usiku?

Yaliyo mbele yetu

Mabibi na mabwana, hali ya sheria leo si ya 1984. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Katika mwaka 1996 zikaanza redio za FM za watu binafsi. Sheria ya mwaka 2009 ikaitambua redio ya jamii kuwa aina yake peke yake, mbali na ya umma na ya biashara. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 34, ikaweka uhuru wa vyombo vya habari mahali ambapo waziri hawezi kuufuta kwa barua. Simu ya mkononi nayo imeleta FM kwa mamilioni ya watu ambao wazazi wao hawakuweza kununua mawe. Yaliyobaki ni kazi yetu, na kwa kuwa Mwenyekiti amekwisha kuitazama saa yake, nitayataja machache tu.

Pana fedha. Nchi hii ina Mfuko wa Huduma kwa Wote, uliowekwa kisheria ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara haioni faida. Ninapendekeza sehemu yake ijulikane wazi kuwa ni ya redio za jamii, itolewe kwa kanuni iliyoandikwa, wala isiwe kwa hisani ya afisa, maana chenye kutolewa kwa hisani huondolewa kwa ghadhabu. Na anayepewa leseni awe chama cha wenyeji chenye daftari la wanachama, mikutano na uchaguzi, hata pale ambapo mfadhili kutoka nje ndiye aliyenunua kila waya.

Pana kumbukumbu. Waliotangaza na waliosikiliza Homa Bay mwaka 1982 wakiwa vijana sasa ni wazee. Vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wa taaluma ya habari wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Na watumwe ziwani na vinasa sauti, kwa Kijaluo, kabla wazee hawa hawajatutoka, wawaulize walisikia nini, walipenda nini, na siku mtambo uliponyamaza walifanya nini. Kanda zozote zilizomo katika makabati ya watu zinakiliwe zikiwa bado zinasikika.

Na pana sisi wenyewe wa pwani. Ndugu zetu wa Micheweni, kisiwani Pemba, wana redio yao ya jamii. Faza, Kizingitini na Kiunga, huko Lamu, nao wana bahari tambarare mbele yao, ambayo mawimbi ya FM huipenda. Wana wavuvi wanaohitaji habari ya upepo wa kusi na kaskazi kwa saa, si kwa siku. Wana Kibajuni chao, chenye utenzi na hekima, ambacho vijana wao hawakisikii popote hewani kwa muda wa kutosha. Kina mama wa huko wana vyama vya akiba vilivyosajiliwa, vyenye vitabu na mihuri kama vile vya Mang'elete. Ningefurahi sana iwapo, kabla hatujatawanyika jioni hii, wale miongoni mwenu wenye jamaa zao katika miji hiyo wangebaki kidogo tukaandika majina, tukachagua siku ya kukutana na vyama hivyo, na tukamwomba mmoja wa mawakili waliohudhuria atutayarishie katiba ya chama kitakachoomba masafa. Karatasi ninayo hapa mezani.